Gharama ya chuo kikuu na safari ya kufikia shahada: takwimu za Kenya na Tanzania zinasema nini

Kila mwaka, ofisi za takwimu na tume za elimu ya juu za Afrika Mashariki huchapisha majedwali marefu kuhusu vyuo vikuu. Nchini Kenya, Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, hutoa taarifa ya hali ya uchumi yenye sura nzima ya elimu. Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa idadi ya waliodahiliwa, wanaosoma na waliohitimu. Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Mzazi wa Busia, Arua au Kampala anayefikiria kumpeleka mwanawe kusoma ng'ambo ya mpaka angetarajia kupata humo majibu ya maswali mawili: familia italipa kiasi gani, na kati ya vijana mia wanaoanza, wangapi hutoka na shahada mkononi.

Swali la kwanza lina majibu mengi, ingawa yametawanyika. La pili karibu halijibiwi kabisa. Makala haya yanaeleza kilichomo katika takwimu hizo, namna ya kuzisoma, na mahali zinapoweza kumpotosha msomaji.

Karo ya shilingi 16,000 na mwisho wake

Kwa takriban miongo mitatu, mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali katika chuo kikuu cha umma nchini Kenya alitozwa karo ya shilingi 16,000 za Kenya kwa mwaka. Kiasi hicho hakikubadilika hata bei za vitu vyote vingine zilipopanda mara nyingi. Aliyesomea udaktari na aliyesomea historia walilipa sawa; mtoto wa mkulima wa kibarua na mtoto wa mkurugenzi vilevile. Kuanzia mwaka 1998, vyuo vilijaza pengo kwa kuwapokea wanafunzi wa kujilipia katika masomo sambamba, mpango ulioanzia Chuo Kikuu cha Nairobi. Hazina ya fedha hizo ilipopungua, kwa kuwa waliofuzu walianza kuchukuliwa karibu wote na serikali, madeni ya vyuo yakafikia makumi ya mabilioni ya shilingi.

Serikali ilikuwa na kanuni ya kulipa asilimia 80 ya gharama halisi ya kila kozi. Kufikia mwaka wa masomo 2022/23, ilikuwa ikilipa karibu asilimia 48 tu. Chuo kilichopokea chini ya nusu ya gharama ya kumfundisha mwanafunzi kilitafuta njia za kubana matumizi: madarasa makubwa, wahadhiri wa muda wasiolipwa kwa wakati, maabara zisizo na vifaa. Jedwali la karo halionyeshi hayo, lakini ndiyo yanayoamua kama mwanafunzi atamaliza kwa miaka minne au sita.

Tarehe 3 Mei 2023, Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya. Badala ya serikali kukipa chuo fedha kwa jumla, kila mwanafunzi angepewa ufadhili na mkopo kulingana na uwezo wa kaya yake, na kozi ingetozwa bei yake halisi. Makundi yalikuwa manne mwanzoni. Mwaka 2024 yakawa matano.

Katika kundi la kwanza, lenye kaya za kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, ufadhili hulipa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo asilimia 25 na familia asilimia 5. Kundi la pili, hadi shilingi 23,670, hupata ufadhili wa asilimia 60 na mkopo wa 30, na familia hutoa 10. Kundi la tatu, hadi shilingi 70,000, ni 50, 30 na 20. La nne, hadi shilingi 120,000, ni 40, 30 na 30. La tano, juu ya hapo, ni 30, 30 na 40. Pamoja na hayo, kila mwanafunzi hupewa mkopo wa kujikimu: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza, ukipungua kwa 5,000 katika kila kundi hadi 40,000 kwa la tano.

Nani hasa anabeba mzigo mkubwa?

Ukisoma asilimia hizo kwa haraka, mpango unaonekana kuwapendelea maskini bila shaka yoyote. Tajiri anatoa 40 na maskini 5. Lakini asilimia hizo ni za bei ya kozi, si za kipato cha familia. Anayetaka kujua kama masomo yanamudika hana budi kugawa kile familia inachotoa kwa kile inachopata. Hesabu hiyo ni rahisi, na inashangaza kwamba haionekani katika matangazo mengi ya udahili.

Tuchukue, kwa mfano tu, kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Kaya ya kundi la kwanza yenye kipato cha juu kabisa cha kundi hilo, yaani shilingi 5,995 kwa mwezi au 71,940 kwa mwaka, itatoa shilingi 10,000. Hiyo ni karibu asilimia 14 ya kipato chake chote. Kaya iliyo kileleni mwa kundi la pili itatoa asilimia 7. Kileleni mwa kundi la tatu ni chini kidogo ya asilimia 5, na mwa la nne karibu asilimia 4. Kaya inayoingia tu kundi la tano itatoa shilingi 80,000, takriban asilimia 5.6 ya kipato chake, na kadiri inavyotajirika ndivyo sehemu hiyo inavyopungua.

Hali ni ngumu zaidi kwa aliye karibu na mstari wa kugawa makundi. Kaya inayopata shilingi moja zaidi ya 5,995 inahamia kundi la pili, na mchango wake unaruka kutoka 10,000 hadi 20,000. Sehemu ya kipato inayokwenda chuoni inapanda kutoka asilimia 14 hadi karibu 28, kwa sababu ya shilingi moja. Mstari wa pili nao unafanya vivyo hivyo: kutoka asilimia 7 hadi 14. Familia inayouza maziwa au samaki haijui kipato chake kwa usahihi wa namna hiyo, na kipato chenyewe hubadilika kwa msimu. Ndiyo maana malalamiko mengi yaliyosikika Kenya tangu 2023 hayakuhusu kiwango cha ufadhili bali kundi ambalo mwanafunzi aliwekwa.

Deni nalo lina sura yake. Kwa kozi hiyo hiyo ya 200,000, mwanafunzi wa kundi la kwanza atakopa shilingi 50,000 za karo na 60,000 za kujikimu kila mwaka. Kwa miaka minne ni shilingi 440,000 kabla ya riba. Wa kundi la pili atafikisha 460,000. Wa kundi la tano atakuwa na 400,000, na huenda mzazi wake akaamua asikope hata kidogo. Kwa hiyo anayetoka katika nyumba yenye uwezo mdogo ndiye anayeanza kazi akiwa na deni kubwa zaidi. Bodi ya mikopo ya Kenya, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa deni la 440,000 hiyo ni shilingi 17,600 katika mwaka wa kwanza.

Haki inataka isemwe pia kwamba bila mkopo wa kujikimu wengi wa vijana hao wasingeweza kukaa chuoni hata muhula mmoja. Ni kosa kuhesabu mkopo kama hasara tupu. Lakini ni kosa kubwa zaidi kuuita msaada na kuishia hapo.

Mfumo huu umepitia mahakamani. Mwezi Desemba 2024, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliutangaza kuwa kinyume cha katiba, ikitaja ubaguzi na upungufu wa kuwashirikisha wananchi. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo, na makundi yakaendelea kutumika.

Tanzania: bumu na makato ya mshahara

Tanzania ilichagua njia nyingine. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa sheria namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Haigawi wanafunzi katika makundi yenye bei tofauti. Inaugawa mkopo katika vipengele: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Upimaji wa uhitaji huamua mwanafunzi apate vipengele gani na kwa kiwango gani. Watoto wa kaya zinazosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, yatima na wenye ulemavu hupewa kipaumbele. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kuna pia ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita, huo haurejeshwi.

Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, ni shilingi 10,000 za Tanzania kwa siku, kutoka 8,500 za awali. Hulipwa kwa awamu. Yeyote aliyepita katika mabweni ya Dar es Salaam au Dodoma anajua jinsi wiki ya kabla ya bumu inavyofanana kwa kila mtu: mlo mmoja kwa siku, na madeni kwa mama ntilie. Kwa utafiti wa kuhitimu, tarehe ya malipo ina uzito sawa na kiasi chenyewe. Mwanafunzi hukatiza masomo kwa sababu fedha imechelewa wakati wa usajili, si kwa sababu jumla yake ya mwaka haitoshi. Jedwali la mwaka haliwezi kuonyesha hilo.

Marejesho ndiyo sehemu iliyobadilika sana. Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, makato kwa mwajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Mwaka 2021, kufuatia agizo la Rais Samia Suluhu Hassan katika sherehe za Mei Mosi, tozo hiyo iliondolewa. Adhabu nayo ikafutwa mwaka huohuo.

Ukubwa wa badiliko hilo unaonekana kwa mfano mdogo. Mhitimu mwenye deni la shilingi milioni 12 na mshahara wa 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi. Bila tozo, atamaliza kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Kwa tozo ya zamani, mwaka wa kwanza ungezaa shilingi 720,000, sawa na 60,000 kwa mwezi: nusu ya makato yote ingekwenda kwenye tozo kabla deni lenyewe halijaguswa. Si ajabu walimu wengi walikuwa wakilalamika kwamba wanalipa miaka nenda rudi na salio halishuki.

Uganda yenyewe hufadhili wanafunzi wapatao 4,000 wapya kila mwaka katika vyuo vya umma, wengi wao wa sayansi. Bodi yake ya mikopo, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hulipia karo, ada za huduma na utafiti, lakini si chakula wala malazi. Hapo ndipo tofauti na majirani ilipo kubwa.

Kwa nini ni vigumu kujua wangapi wanahitimu

Majedwali ya nchi zote tatu yanaonyesha idadi ya walioandikishwa na idadi ya waliohitimu. Kishawishi ni kugawa ya pili kwa ya kwanza. Matokeo yake huwa kichekesho.

Kwanza, waliohitimu mwaka huu hawakuanza mwaka huu. Nchini Kenya, waliopata daraja la C+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu, walikuwa 173,127 mwaka 2022, wakawa 201,133 mwaka 2023 na 246,391 mwaka 2024. Hilo ni ongezeko la asilimia 42 kwa mitihani miwili tu. Mlango unapopanuka kwa kasi hiyo, ukilinganisha wanaotoka na wanaoingia utadhani vyuo vinapoteza wanafunzi kwa wingi, hata kama hakuna aliyeacha. Siku idadi ya wanaoingia itakapopungua, hesabu hiyo hiyo itaonyesha mafanikio yasiyokuwapo.

Pili, kozi hazina urefu mmoja. Shahada ya ualimu Tanzania ni miaka mitatu, Kenya ni minne. Uhandisi mara nyingi ni minne au mitano, udaktari mitano au sita. Kukusanya wote katika hesabu moja ni kuchanganya mchele na ngano.

Tatu, kuna miaka iliyopinda. Vyuo vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Tanzania ilivifungua tarehe 1 Juni mwaka huo, wakati Uganda iliwarudisha kwanza wa mwaka wa mwisho Oktoba, kisha ikafunga tena Juni 2021. Nchini Kenya kulikuwa pia na migomo mirefu ya wahadhiri mwaka 2017 na 2018. Anayelinganisha waliohitimu katika nchi hizi mwaka 2021 analinganisha kalenda, si ubora wa vyuo.

Kinachohitajika ni kufuata rika moja la udahili: kuchukua wote walioanza kozi fulani mwezi fulani, kumpa kila mmoja namba isiyobadilika, na kuangalia baada ya miaka minne, mitano na sita nani amehitimu, nani bado anasoma, nani amehamia chuo kingine na nani hayupo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 inavitaka vyuo kutoa hesabu ya namna hiyo, kwa muda wa mara moja na nusu ya urefu wa kozi. Kwa shahada ya miaka minne ni miaka sita. Nayo ina kasoro yake: kwa muda mrefu mwanafunzi aliyehama na kuhitimu kwingine alihesabiwa kama aliyeshindwa. Majimbo 16 ya kusini mwa nchi hiyo yana bodi ya pamoja ya elimu, iliyoundwa mwaka 1948 na yenye makao yake Atlanta, ambayo hukusanya takwimu kwa tafsiri zilizokubaliwa na wote na kuonyesha gharama ya chuo kama sehemu ya kipato cha familia, kuanzia za chini hadi za juu. Si nchi tajiri tu zinazoweza kufanya hesabu hiyo. Inahitaji zaidi makubaliano kuliko fedha.

Afrika Mashariki ina misingi ya makubaliano hayo. Kati ya 1963 na 1970 Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zilikuwa sehemu za chuo kikuu kimoja. Leo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake Kampala, na Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kazi ya baraza imeelekea zaidi kwenye ubora wa kozi na ulinganifu wa shahada. Malighafi ya kufuata marika, hata hivyo, imekwisha kuwapo. Bodi za mikopo zinamjua kila mkopaji kwa namba ya kitambulisho, tangu muhula wa kwanza hadi makato ya mshahara. Tatizo ni kwamba orodha hizo zilitengenezwa ili kudai madeni, na hazimgusi asiyekopa.

Kuna kundi moja ambalo hata ufuatiliaji mzuri ungelipata kwa shida: waliomaliza lakini hawakuhitimu. Katika vyuo vingi vya Kenya, mwenye salio la karo hapewi kadi ya mtihani, au hufanya mtihani na cheti chake kikazuiwa. Wengine alama zao za somo moja au mawili hazionekani katika kumbukumbu, wakabaki wakizunguka ofisini mwaka mzima. Katika jedwali, huyu ni mwanafunzi bado. Nyumbani kwao anajulikana kama aliyesoma, na kwa mwajiri hana kitu cha kuonyesha. Salio lililomzuia mara nyingi ni dogo kuliko mkopo ambao tayari anadaiwa.

Kwa anayevuka mpaka

Makundi ya Kenya na vipengele vya mkopo vya Tanzania ni vya raia wa nchi hizo. Mwanafunzi kutoka Uganda anayekubaliwa Nairobi au Eldoret hulipa bei kamili ya kozi, na tangu mfumo mpya uanze, bei hiyo imekuwa wazi zaidi kwa kuwa huorodheshwa kozi kwa kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo. Takwimu za taifa hazitamsaidia sana kuchagua chuo. Ofisi ya udahili ya chuo chenyewe ina jibu bora, ikiulizwa swali sahihi: katika kozi hii, walioanza pamoja miaka mitano iliyopita walikuwa wangapi, na wangapi kati yao majina yao yalisomwa kwenye mahafali. Vilevile inafaa kuuliza kama karo hulipwa kwa awamu, na kama mwenye salio huruhusiwa kufanya mtihani.

Rika la kwanza la mfumo mpya wa Kenya liliingia vyuoni Septemba 2023. Walio katika kozi za miaka minne wanatarajiwa kumaliza mwaka 2027, na kwa kipimo cha miaka sita hesabu yao haitafungwa kabla ya 2029.